Komisheni si Mshahara: Kwa Nini Sh45,000 Mbili Hukatwa Ushuru Tofauti

Tuchukue watu wawili. Wa kwanza ni kaka anayeishi Kibera, upande wa Olympic. Ameajiriwa na kampuni inayosambaza bidhaa za dukani, na kila siku anazunguka Makina na Laini Saba akichukua oda. Mshahara wake wa msingi ni Sh20,000, na juu yake analipwa komisheni kulingana na mauzo. Wa pili ni dada mwenye kibanda cha uwakala wa pesa kwa simu huko Kawangware, karibu na steji ya 46. Yeye hana mshahara. Analipwa komisheni pekee.

Mwezi mmoja wote wawili wanaingiza Sh45,000 kamili. Kaka anafungua payslipu na kukuta Sh36,937.90. Dada anaangalia simu na kukuta Sh42,750. Wakilinganisha, kaka anasema mwajiri wake anamla. Dada naye anasema, "Mimi nilishakatwa asilimia 5 yangu, mambo ya ushuru nimemaliza."

Watu hawa tumewatunga, lakini maneno yao tunayasikia karibu kila wiki. Na wote wawili wamekosea. Kaka hajaibiwa. Dada hajamaliza. Tena kosa la dada ndilo la hatari zaidi, kwa sababu mwaka ukiisha anaweza kuwa anaidai KRA Sh22,500, au KRA iwe inamdai Sh43,600. Mtu ni yule yule, kibanda ni kile kile na komisheni ni ile ile. Kinachotofautisha ni karatasi alizoweka au asizoweka. Twende polepole tuone inakuwaje.

Hesabu zote hapa ni za mapato ya mwaka 2025, ambayo mwisho wa kufaili ritani yake ni 30 Juni 2026.

Swali la kwanza: umeajiriwa, au unafanya kazi kama wakala?

Wengi wetu tunafikiri komisheni ina ushuru wake maalum. Haina. Sheria ya Ushuru wa Mapato ya Kenya, Sura ya 470, inaangalia kwanza uhusiano wako na anayekulipa.

Ukiwa umeajiriwa, kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinaitaja komisheni kwa jina, pamoja na mshahara, malipo ya likizo, bonasi na marupurupu. Zote ni mapato ya ajira. Zinajumlishwa, halafu PAYE inakatwa kwenye jumla.

Ukiwa si mwajiriwa, bali unafanya kazi kwa niaba ya kampuni kama wakala, malipo yako yanaingia kwenye kundi la ada za usimamizi, utaalamu na uwakala. Hapo anayekulipa anatakiwa kuzuia asilimia 5 na kuipeleka KRA kabla ya kukupa kilichobaki. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Kwenye taarifa yako ya malipo mara nyingi imeandikwa WHT.

Kwa hiyo neno "komisheni" peke yake halikuambii utakatwa kiasi gani. Ni lazima ujue umesimama upande gani.

Komisheni ya aliyeajiriwa: hesabu ya kaka wa Kibera

Mwezi ule kaka alikuwa na mshahara wa Sh20,000 na komisheni ya Sh25,000. Makato yanakwenda hivi:

- NSSF, asilimia 6: Sh1,200. Hapa tumetumia mshahara wa msingi pekee, kwa sababu komisheni hupanda na kushuka. Ukiona mwajiri wako amekata zaidi, muulize anavyohesabu.
- SHIF, ya bima ya afya, asilimia 2.75 ya Sh45,000: Sh1,237.50.
- Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya Sh45,000: Sh675.

Tangu 27 Desemba 2024, makato haya matatu yanatolewa kwanza, kabla PAYE haijahesabiwa. Kinachobaki cha kutozwa ushuru ni Sh41,887.50. Sasa kinapita kwenye ngazi:

- Sh24,000 za kwanza kwa asilimia 10: Sh2,400.
- Sh8,333 zinazofuata kwa asilimia 25: Sh2,083.25.
- Sh9,554.50 zilizobaki kwa asilimia 30: Sh2,866.35.

Jumla ni Sh7,349.60. Toa nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400, ambayo kila mkazi anayelipa ushuru hupewa kwa mwezi. PAYE inakuwa Sh4,949.60. Ndiyo sababu mkononi akapata Sh36,937.90.

Mwezi ambao hajauza kitu, kaka huyu hubaki na Sh20,000 tupu. Akishatoa NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba, anabaki na Sh17,950, na PAYE yake ni sufuri, maana ile nafuu inameza ushuru wote. Linganisha: komisheni ya Sh25,000 ilimwongezea mkononi Sh18,987.90. Sh6,012.10 zimekwenda.

Hapo ndipo uchungu unapotoka. Mtu anaona komisheni yake imekatwa karibu robo na kudhani kuna adhabu ya kuuza sana. Hakuna. Mshahara wake ulishakalia ngazi ya chini, kwa hiyo komisheni ikaanza kupandia ngazi za juu. Kama mwajiri angempa nyongeza ya mshahara ya Sh25,000 badala ya komisheni, PAYE ingefuata ngazi zile zile.

Mwezi mnono na mwezi mkavu

Lakini kaka ana jambo moja la kudai, na wengi hawalijui.

PAYE huhesabiwa mwezi kwa mwezi. Ritani huhesabiwa kwa mwaka mzima. Mtu wa mshahara usiobadilika haoni tofauti. Mtu wa komisheni anaiona, kwa sababu miezi yake haifanani.

Tuseme kaka alikuwa na miezi sita minono ya Sh45,000 na miezi sita mikavu ya Sh20,000. Kwenye miezi minono alikatwa PAYE ya Sh4,949.60 mara sita, yaani Sh29,697.60. Kwenye miezi mikavu hakukatwa kitu, lakini pia sehemu ya nafuu yake ya Sh2,400 ilipotea bure, kwani hakuwa na ushuru wa kutosha wa kuitumia.

Sasa hesabu kwa mwaka. Mapato yake ya kutozwa ushuru ni Sh359,025. Sh288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni Sh28,800. Sh71,025 zilizobaki zinaingia ngazi ya asilimia 25, ambayo ni Sh17,756.25. Toa nafuu ya mwaka mzima, Sh28,800. Ushuru halali wa mwaka ni Sh17,756.25.

Alikatwa Sh29,697.60. Amelipa zaidi kwa Sh11,941.35.

Kama mwajiri hakusawazisha hesabu hiyo mwezi wa Desemba, pesa hizo ni za kaka. Atazipata kwa kufaili ritani kwa kutumia fomu yake ya P9, ile mwajiri humpa baada ya mwaka kuisha, kisha aombe kurudishiwa. Ukiwa unalipwa mshahara na komisheni, usimwachie mtu wa saiba akufailie haraka haraka bila kuangalia. Angalia mstari wa mwisho mwenyewe.

Komisheni ya wakala: asilimia 5 ni amana tu

Sasa turudi Kawangware. Dada alikatwa asilimia 5 ya Sh45,000, yaani Sh2,250. Hakuna NSSF, hakuna SHIF, hakuna ngazi. Ndiyo sababu simu yake ilionyesha Sh42,750.

Jambo la kushika ni hili: kwa wakala mkazi wa Kenya, asilimia 5 hii si ushuru wa mwisho. Ni malipo ya mapema. Anayekulipa hajui una gharama gani, hajui una mapato mengine wapi, na hajali. Anazuia asilimia 5 na kuipeleka KRA ndani ya siku tano za kazi, kisha KRA inaiweka kwa jina lako ikingoja uje ufanye hesabu kamili kwenye ritani. Ushuru wako halisi ukiwa mkubwa kuliko amana, unaongeza. Ukiwa mdogo, unarudishiwa au unapunguziwa ushuru wa baadaye.

Zuio hili halikatwi kama jumla ya malipo yako kutoka kwa mlipaji huyo kwa mwezi haijafika Sh24,000. Wengi wanasoma hapo vibaya. Kutokatwa si kusamehewa. Ukiwa na kampuni mbili, kila moja inakulipa Sh20,000, hakuna itakayokukata, lakini wewe umeingiza Sh40,000 na zote ni za kutangazwa.

Viwango pia havifanani kwa kila kazi. Wakala wa bima huzuiwa asilimia 10 ya komisheni yake, huku dalali wa bima akizuiwa asilimia 5. Vijana wanaolipwa kwa video na maudhui ya mtandaoni nao wamezuiwa asilimia 5 tangu Julai 2023. Lakini kanuni ni ile ile: ni amana, hesabu kamili inakuja.

Dada mmoja, ritani mbili

Tuseme dada aliingiza Sh45,000 kila mwezi, mwaka mzima. Komisheni ni Sh540,000. Amana aliyokatwa ni Sh27,000.

Mfanyabiashara hutozwa ushuru kwenye faida baada ya kutoa gharama za kuzalisha mapato yale. Gharama za dada kwa mwezi ni hizi: kodi ya kibanda Sh10,000, boda ya kupeleka na kuleta floti Sh5,000, stima, intaneti na simu Sh2,500, mlinzi na usafi Sh1,000, na fungu la leseni ya kaunti Sh1,000. Jumla Sh19,500. Kwa mwaka ni Sh234,000.

*Ritani ya kwanza: dada ana karatasi zake.* Faida ni Sh306,000. Sh288,000 za kwanza zinatoa ushuru wa Sh28,800, na Sh18,000 zilizobaki kwa asilimia 25 zinatoa Sh4,500. Jumla Sh33,300. Toa nafuu ya Sh28,800. Ushuru wa mwaka ni Sh4,500. Alishazuiwa Sh27,000. Anaidai KRA Sh22,500.

*Ritani ya pili: dada hana karatasi.* Hawezi kuthibitisha gharama hata moja, kwa hiyo Sh540,000 zote zinahesabiwa kuwa faida. Sh28,800 za ngazi ya kwanza, Sh25,000 za ngazi ya pili, na Sh152,000 zilizobaki kwa asilimia 30 zinaleta Sh45,600. Jumla Sh99,400. Toa nafuu, inabaki Sh70,600. Toa amana ya Sh27,000. KRA inamdai Sh43,600.

Kutoka kudai Sh22,500 hadi kudaiwa Sh43,600, tofauti ni Sh66,100. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka ya kodi ya kibanda chake. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuijua KRA, lakini walisema kweli.

Na kuna ritani ya tatu, ambayo ndiyo tunaiona sana mtaani: dada anakwenda saiba wiki ya mwisho ya Juni, anafailiwa ritani ya sufuri, anarudi nyumbani. Ametangaza kwamba hakuingiza kitu, ilhali kwenye mfumo wa KRA kuna vyeti 12 vya kodi ya zuio vinavyosema aliingiza Sh540,000. Ameiacha amana yake huko, na juu ya hayo amejiandikia taarifa ya uongo.

Daftari pekee halitoshi tena

Zamani risiti ya mkono ilikusaidia. Kuanzia 1 Januari 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliwi kwenye ritani ya ushuru wa mapato kama hazina ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA. Na mwishoni mwa 2025, KRA ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 italinganisha mapato na gharama unazotangaza na rekodi za eTIMS na za kodi ya zuio.

Tunajua unachowaza. Jamaa wa boda wa steji ya Congo atakupa ankara ya eTIMS kweli? Mwenye kibanda je? Ni ngumu, hatutakudanganya. Lakini zipo njia mbili.

Moja, muuzaji mdogo anaweza kutoa ankara kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *222#. Hahitaji kompyuta wala mashine. Ukimlipa mtu pesa za maana kila mwezi, kama mwenye nyumba, mweleze kabla ya kulipa, si baada.

Mbili, sheria ilibadilishwa Desemba 2024 ili mnunuzi aweze kumtengenezea ankara muuzaji mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi Sh5 milioni. Yaani wewe unayelipa ndiye unayeandika ankara ndani ya mfumo, naye muuzaji anakubali.

Tena lipa kwa simu inapowezekana. Ujumbe wa malipo si ankara ya eTIMS na hauchukui nafasi yake. Lakini unaonyesha tarehe, kiasi na nani alilipwa, na hapo utakuwa na mahali pa kuanzia ukikaa kuandika hesabu. Pesa taslimu ya mkononi haikumbuki kitu.

Mitego mitano ya watu wa komisheni

*Nambari ya wakala ni ya nani?* Mtaani watu wengi wanaendesha laini ya uwakala iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, au wako chini ya wakala mkuu. Cheti cha kodi ya zuio hutoka kwa PIN ya KRA ya aliyesajiliwa. Kama PIN hiyo si yako, kila mwezi unakatwa wewe, lakini amana inawekwa kwa jina la mwingine. Uliza leo: cheti kinatoka kwa PIN gani? Kama ni ya mwenye laini, kubalianeni kwa maandishi jinsi mtakavyohesabiana.

*Cheti hakionekani.* Mlipaji anaweza kukukata na asipeleke, au akakosea PIN. Ingia iTax kila baada ya miezi mitatu uangalie vyeti vyako. Kila cheti kina jina la mlipaji, tarehe, kiasi kilicholipwa na kodi iliyozuiwa. Kikikosekana, mwandikie mlipaji mara moja ukiambatisha taarifa yako ya malipo. Usingoje Juni, wakati kila mtu anapiga simu kwa mhasibu yule yule.

*Mshahara huku, komisheni kule.* Tuseme una kazi, na baada ya makato mshahara wako wa kutozwa ushuru ni Sh34,000. Wikendi unauza kwa niaba ya kampuni nyingine na kupata Sh25,000 kwa mwezi, zinazokatwa asilimia 5. Mshahara ulishakumaliza ngazi mbili za kwanza na ile nafuu yako. Kwa hiyo komisheni yote, Sh300,000 kwa mwaka, inatozwa asilimia 30: Sh90,000. Umezuiwa Sh15,000. Kama huna gharama za kutoa, unadaiwa Sh75,000. Huyu ndiye mtu tunayemwonea huruma zaidi, kwa sababu anafikiri anakatwa pande zote mbili na yuko salama.

*Unaitwa wakala lakini umeajiriwa.* Unaripoti saa mbili asubuhi, umepewa sare, unapangiwa eneo, ukikosa siku moja unafokewa, lakini mkataba unasema "wakala huru" na unakatwa asilimia 5 tu. Jina la kwenye karatasi haliamui. Kinachoamua ni jinsi kazi inavyoendeshwa. Ukiwa kweli mwajiriwa, mwajiri alipaswa kukata PAYE, na pia kukuchangia: NSSF asilimia 6 yake, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 yake. Ile asilimia 5 inayoonekana nafuu inaweza kuwa inakunyima pesa ya uzeeni. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa inayoonyesha mshahara na kila kato, isipokuwa kwa vibarua na kazi za muda mfupi. Iombe.

*Kuchanganya kodi ya mauzo na komisheni.* Biashara yenye mauzo ya zaidi ya Sh1 milioni hadi Sh25 milioni kwa mwaka inaweza kulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Lakini mpango huo hauhusu ada za usimamizi na utaalamu, kundi ambalo ada za uwakala zimo. Kama kibanda chako kinauza pia soda na mkate, weka hesabu za duka kando na za komisheni.

Afya na uzee: usidhani umesahauliwa

Kaka wa Kibera anaona SHIF na NSSF zikikatwa na kunung'unika. Dada hakatwi, lakini haina maana kwamba hadaiwi. Asiyeajiriwa naye anatakiwa kujisajili SHA kwa *147#, na mchango wake ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya yanavyokadiriwa, usiopungua Sh300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 nayo inagusa mapato ya asiyeajiriwa kwa asilimia 1.5. Kwa NSSF, mtu aliyejiajiri anaweza kujiunga na mpango wa Haba Haba, wa kuanzia Sh25 kwa siku.

Ukihesabu yote hayo, ile tofauti ya Sh5,812.10 kati ya simu ya dada na payslipu ya kaka inaanza kupungua. Kaka amefanyiwa hesabu na mtu mwingine. Dada anatakiwa kujifanyia.

Ufanye nini wiki hii

1. Tafuta taarifa yako ya mwisho ya malipo. Imeandikwa PAYE au WHT? Hapo umejua uko upande gani.
2. Ingia iTax uangalie vyeti vya kodi ya zuio vya mwaka 2025. Jumlisha. Hiyo ndiyo amana yako.
3. Orodhesha gharama zako za kila mwezi. Weka alama kwenye zile zenye ankara ya eTIMS. Zisizo na ankara, anza nazo mwezi huu.
4. Fungua akiba ya ushuru kwenye simu yako, kando na floti na kando na pesa ya matumizi. Kila komisheni ikiingia, peleka fungu huko siku hiyo hiyo. Dada wa mfano wetu asiye na karatasi angehitaji kuweka zaidi ya Sh3,600 kwa mwezi. Dada mwenye karatasi asingehitaji kitu.
5. Kumbuka tarehe. Ushuru uliobaki hulipwa kufikia 30 Aprili, ritani kufikia 30 Juni. Ukiwa na ushuru wa Sh40,000 au zaidi kwa mwaka, sheria inataka ulipe kwa awamu nne: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Kuchelewa kufaili ni faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, yoyote iliyo kubwa.
6. Ukikwama, nenda Huduma Centre ya Kibra, au ile ya GPO ukitokea Kawangware. Nenda mapema. Foleni ya Mei si foleni ya Juni 29.

Na neno moja la usalama. Kuna PIN mbili kwenye habari hii, na matapeli wanapenda kuzichanganya. PIN ya KRA ni herufi na nambari za kukutambulisha, unaweza kumpa anayekulipa. PIN ya simu yako ni ufunguo wa pesa zako, na hakuna mtu wa KRA, wa saiba wala wa kwetu anayeihitaji ili kukufailia ritani au kukurudishia ushuru. Ushuru hulipwa kwa nambari ya malipo iliyotoka kwenye mfumo wa KRA, kupitia paybill 222222. Anayekuambia umtumie kwenye laini yake "akusaidie kulipa" anajisaidia mwenyewe.

Kaka wa Kibera aende na P9 yake akadai Sh11,941.35. Dada wa Kawangware aanze leo kudai ankara ya kodi ya kibanda. Komisheni mmeitolea jasho, na sehemu yake ambayo bado ni yenu msiiache kwenye mfumo kwa sababu hakuna aliyeuliza.